Mpira wa dialisisi unapogoma: Usikubali damu isafishwe nusunusu

Msomaji, tuseme mama yako anaishi Sena, katika kisiwa cha Mfangano, nawe u mfanyakazi jijini Nairobi. Figo zake zimeacha kufanya kazi, na mara mbili kila juma ni lazima damu yake ipitishwe kwenye mashine. Anaamka jogoo la kwanza, anavuka ziwa kwa motaboti hadi Mbita, safari ya saa moja au zaidi kutegemea upepo, kisha anapanda matatu hadi mjini Homa Bay, mwendo wa kilomita zipatazo 40. Anapimwa uzani, anaunganishwa na mashine, analala.

Baada ya dakika kumi mashine inapiga kelele. Muuguzi anaizima kelele na kupunguza mwendo wa pampu. Mashine inalia tena, mwendo unapunguzwa tena. Muda ukiisha anaondolewa na kushika njia ya kurudi kisiwani.

Jioni unampigia simu kumjulia hali. Anakwambia kwamba amesafishwa damu, ila mpira wa shingoni "hauvuti vizuri". Unampa pole, unamtumia nauli ya safari ijayo, na jambo linaishia hapo.

Halifai kuishia hapo. Mpira usiovuta vizuri si bahati mbaya ya kuvumiliwa, na wala si kasoro ndogo ya mashine. Ni hali ya ugonjwa inayojulikana, yenye sababu zake, na yenye hatua za matibabu zinazofuatana. Juma hili tunaeleza hatua hizo ili wewe na mgonjwa wako mjue la kuuliza, na mlijue mapema.

Mpira huu ni nini?

Jina lake la kitaalamu ni katheta ya dialisisi. Ni mpira laini unaoingizwa katika mshipa mkubwa wa damu, mara nyingi ule wa upande wa kulia wa shingo, na ncha yake hushuka hadi karibu na moyo au ndani ya chumba cha juu cha moyo upande wa kulia. Ndani yake mna njia mbili. Njia yenye kibanio chekundu huvuta damu na kuipeleka kwenye mashine. Njia yenye kibanio cha buluu huirudisha mwilini ikiwa imesafishwa.

Kuna mipira ya aina mbili. Wa kwanza ni wa muda mfupi, ambao huingia moja kwa moja shingoni au kwenye kinena na kushikizwa kwa nyuzi. Huu huwekwa mgonjwa anapofika hospitalini akiwa taabani. Mwongozo wa wataalamu wa figo wa Marekani uliotolewa mwaka 2019 unashauri kuwa wa shingoni usikae zaidi ya majuma mawili. Wa pili ni wa muda mrefu. Huu hupitishwa kwanza chini ya ngozi ya kifua kabla ya kuingia mshipani, na una pete ya kitambaa ambayo nyama ya mwili huishikilia baada ya majuma machache. Pete hiyo huuzuia mpira kuchomoka, na pia huzuia viini vya maradhi kupenya kutoka nje.

Wazo la kutumia mpira wa namna hii lina zaidi ya miaka 60. Mwaka 1961 daktari Stanley Shaldon wa London alieleza jinsi ya kuwasafisha wagonjwa damu kwa mipira iliyoingizwa katika mishipa ya paja. Tangu hapo mipira imeboreshwa mno, lakini tatizo moja halijaisha: damu haipendi kitu kigeni. Ikikigusa, huanza kuganda.

Hesabu ya mitungi

Ili uelewe ubaya wa mpira unaovuta polepole, tufanye hesabu ndogo. Kipindi kimoja cha dialisisi kwa kawaida huchukua muda wa saa nne, yaani dakika 240. Mpira mzuri humwezesha mtu mzima kupitisha mililita 300 za damu au zaidi kila dakika. Zidisha, utapata lita 72. Mwili wa mtu mzima una damu ya lita tano hivi tu, kwa hiyo ni damu ileile inayozunguka tena na tena, kila mara ikiachwa safi zaidi.

Sasa mpira umegoma, na pampu imepunguzwa hadi mililita 200 kwa dakika. Katika muda uleule zitapita lita 48 pekee. Pungufu ni lita 24, zaidi ya mtungi mzima wa lita 20 kama ile inayotumiwa kuchotea maji. Theluthi nzima ya damu iliyotakiwa kupita mashineni haikupita, ingawa mgonjwa amelala kitandani kwa muda uleule, na nauli iliyotumika ni ileile.

Tofauti hiyo haionekani kwa macho siku ya kwanza. Lakini ikirudiwa majuma kadhaa, mgonjwa huanza kukosa hamu ya chakula, kusikia kichefuchefu, kuwashwa mwili na kukosa usingizi. Pia maji yaliyotakiwa kutolewa huenda yakabaki mwilini, hasa kipindi kikikatizwa. Miguu ikavimba, na mgonjwa akashindwa kupumua akilala chali. Hatari kubwa zaidi ni potasiamu, madini ambayo figo nzima huyatoa kwa mkojo. Yakizidi katika damu yanaweza kuusimamisha moyo ghafla.

Isitoshe, katika nchi nyingi tajiri mgonjwa husafishwa mara tatu kwa juma. Wengi wa wagonjwa wetu husafishwa mara mbili. Anayesafishwa mara mbili hana kipindi cha kupoteza.

Upo upimaji rahisi wa kujua kama damu imesafishika. Damu huchukuliwa kabla na baada ya kipindi na kupimwa kiasi cha yurea, ambayo ni mojawapo ya taka za mwili. Yurea inatakiwa ipungue kwa asilimia 65 au zaidi. Usiridhike na jibu kwamba mgonjwa "amemaliza saa zake". Uliza: yurea ilipungua kwa kiasi gani?

Kwa nini mpira hugoma?

Madaktari huanza kwa kuuliza swali moja: mpira huu uliwahi kufanya kazi vizuri?

Kama umegoma tangu siku za kwanza, sababu huwa ni jinsi ulivyokaa. Huenda umejikunja chini ya ngozi, uzi umeukaza mno, au ncha yake haikufika mahali pake na sasa inagusa ukuta wa mshipa. Pampu ikivuta, ukuta wa mshipa nao hunyonywa na kuziba tundu. Picha ya eksirei ya kifua huonyesha mengi katika hali hii, na hakuna dawa iwezayo kunyoosha mpira uliojikunja.

Kama ulifanya kazi vizuri kwa majuma au miezi, kisha ukaanza kuzorota, sababu kubwa huwa ni kuganda kwa damu. Donge linaweza kuwa ndani ya njia mojawapo au kwenye ncha. Aidha, mwili huweza kuufunika mpira kwa utando mwembamba, mfano wa soksi. Utando huo ukifika kwenye ncha hufanya kazi kama kifuniko cha upande mmoja: ukisukuma maji yanaingia bila taabu, lakini ukivuta damu haitoki. Ndiyo maana mgonjwa anaweza kuambiwa kwamba mpira "unaingiza lakini hautoi".

Na yafaa ikumbukwe kuwa wakati mwingine mpira hauna kosa lolote. Mgonjwa ambaye shinikizo la damu limeshuka, au ambaye ametolewa maji mengi kupita kiasi, mishipa yake hupungua ujazo na pampu hukosa cha kuvuta. Hapo kinachotibiwa ni mgonjwa, si mpira.

Hatua ya kwanza: yasiyogharimu kitu

Muuguzi mwenye ujuzi huanza na mambo mepesi. Hukagua vibanio kama vimefunguliwa vyote. Hutazama mirija ya mashine kama imepindika. Hupima shinikizo la damu. Humwomba mgonjwa alale chali, ageuze shingo, akohoe, au ainue mkono. Mara nyingi ncha iliyokuwa imebanwa na ukuta wa mshipa huachia, na mashine ikanyamaza.

Yasipofaulu hayo, huvuta kwanza ile dawa iliyoachwa ndani ya mpira tangu kipindi kilichopita na kuimwaga, kisha husukuma maji ya chumvi ya hospitali kwa sirinji. Kazi hii hufanywa kwa glavu na kwa usafi wa hali ya juu, mgonjwa akiwa amelala na wote wawili wamefunika pua na mdomo. Si kazi ya kufanyiwa nyumbani na jamaa, hata kama jamaa huyo amesomea uuguzi. Mpira huu umefika karibu na moyo; hewa ikiingia, au donge likisukumwa, mtu anaweza kufa papo hapo.

Pengine utasikia kwamba "mirija imegeuzwa". Maana yake ni kwamba njia ya buluu imetumiwa kuvuta na ile nyekundu kurudisha. Hatua hii huokoa kipindi cha siku hiyo, na si vibaya kuitumia. Lakini ina kasoro: sehemu ya damu iliyokwisha kusafishwa huvutwa tena mashineni kabla haijazunguka mwilini. Mashine inaonekana kufanya kazi kwa kasi nzuri huku ikisafisha damu iliyo safi tayari. Kwa hiyo, kugeuza mirija kila kipindi kwa majuma mengi si matibabu. Ni ishara kwamba matibabu yamecheleweshwa.

Hatua ya pili: dawa ya kuyeyusha donge

Ikiwa sababu inadhaniwa kuwa ni damu iliyoganda, ipo dawa ya kuyeyusha. Inayotumika sana duniani ni alteplasi, dawa ileile ambayo hutumiwa kwa kipimo kikubwa kuwatibu baadhi ya watu waliopata kiharusi. Kwa mpira uliogoma kipimo chake huwa kidogo: miligramu 2 katika kila njia. Dawa huachwa humo kati ya nusu saa na saa mbili, kisha huvutwa na kutupwa, na mpira hujaribiwa tena. Mahali pengine hutumiwa dawa ya jamii hiyo iitwayo yurokinasi.

Mara nyingi mpira hufunguka, na kipindi kikaendelea siku hiyohiyo. Hata hivyo, kuna mambo matatu ya kufahamu. Kwanza, dawa hii ni ghali na si kila hospitali huwa nayo. Ni busara kuuliza kabla haijahitajika. Pili, daktari hatataka kuitumia kwa mgonjwa anayetokwa damu ndani ya mwili, aliyepasuliwa karibuni, au aliyepata kiharusi cha kuvuja damu. Mweleze yote. Tatu, nafuu yake mara nyingi ni ya muda. Mpira uliofunguliwa kwa dawa leo huweza kugoma tena baada ya majuma machache, hasa ikiwa umefunikwa na utando.

Onyo: usimnunulie mgonjwa aspirini, wafarini au dawa nyingine yoyote ya kupunguza kuganda kwa damu kwa nia ya kuufungua mpira. Mgonjwa wa figo hutokwa damu kwa urahisi kuliko mtu mzima wa afya, na dawa hizo zinaweza kumletea balaa kubwa kuliko hilo unalotaka kuliondoa.

Hatua ya tatu: kuubadilisha mpira

Mpira ukigoma tena baada ya dawa, au eksirei ikionyesha kwamba umekaa vibaya, dawa yake ni kubadilishwa. Kazi hii si kubwa kama wengi wanavyodhani. Daktari hutia ganzi mahali hapo, hupitisha waya mwembamba ndani ya mpira wa zamani, huutoa mpira huo na kutelezesha mpya juu ya waya uleule. Kwa njia hii mshipa uliotumika huhifadhiwa. Penye vifaa vya kuona mishipa kwa eksirei, utando unaweza kupasuliwa kwa puto dogo kabla ya mpira mpya kuingizwa.

Kuhifadhi mshipa ni jambo zito. Mwili una mishipa michache tu mikubwa inayofaa kwa kazi hii. Kila mpira unaotiwa mahali papya huacha kovu, na kovu laweza kuubana mshipa moja kwa moja. Mgonjwa anayehamishwa kutoka shingo ya kulia hadi ya kushoto, kisha kinena kimoja na kingine, hufika siku akakosa pa kuwekewa.

Lakini ikiwa mgonjwa ana homa na kuna viini katika damu, mambo hubadilika. Wakati mwingine mpira hulazimika kuondolewa kabisa, mgonjwa apewe dawa za viini kwanza, na mpya uwekwe baadaye.

Dawa inayoachwa ndani ya mpira

Baada ya kila kipindi muuguzi hujaza njia zote mbili dawa ya kuzuia damu isigande. Kwa kawaida ni heparini, au sitreti yenye nguvu ndogo. Kiasi kinachohitajika kwa kila njia huandikwa kwenye mpira wenyewe. Kikiwa kidogo, damu huingia kwenye ncha na kuganda. Kikizidi, dawa humwagika mwilini na kuweza kusababisha kutokwa damu.

Mwaka 2011 madaktari wa Canada walichapisha utafiti uliohusisha wagonjwa 225. Kundi moja lilitiliwa heparini kila baada ya kipindi, mara tatu kwa juma. Kundi la pili lilitiliwa alteplasi mara moja kwa juma na heparini siku nyingine. Katika kundi la heparini pekee, mipira ya wagonjwa 35 hivi katika kila 100 iligoma. Katika kundi la pili ilikuwa 20. Aidha, walioingiwa na viini katika damu walikuwa 13 katika kila 100 kwa kundi la kwanza, na chini ya 5 kwa kundi la pili. Kinachozuia matumizi hayo kuenea ni bei. Funzo lake lakini halihitaji fedha: kuganda kwa damu na viini vya maradhi hutembea pamoja. Mpira unaoziba mara kwa mara ni mpira unaopaswa kuchunguzwa kama una viini.

Ziwa, mashua na mpira

Mkaazi wa mjini mwenye mpira shingoni ana bomba bafuni. Mkaazi wa kisiwani ana ziwa. Huko ndiko wengi huoga, hufua, huosha vyombo na kutafuta riziki. Kwa mwenye mpira, sharti ni moja: mpira usilowe kamwe. Kuogelea na kujitumbukiza ziwani ni marufuku. Aogee beseni, maji yasipite juu ya kiuno, na sehemu za juu zifutwe kwa kitambaa kilichokamuliwa. Bandeji ikilowa au kubanduka, ibadilishwe na mtu aliyefunzwa, haraka iwezekanavyo. Mwombe muuguzi wa dialisisi aeleze ni nani katika kituo cha afya kilicho karibu anayeweza kufanya hivyo, na ampe mgonjwa bandeji safi ya akiba.

Safari nayo ina mambo yake. Mawimbi hurusha maji. Kipande cha plastiki safi juu ya nguo, upande wa mpira, husaidia. Jaketi la kuokolea maisha livaliwe bila kukosa, lakini mikanda isiukandamize mpira wala kuukunja. Mzigo usibebwe upande huo. Katika matatu mkanda wa kiti utengwe na mpira kwa kitambaa laini. Mwenye mpira wa muda wa kinenani asipande mashua wala matatu kurudi nyumbani kabla ya kuzungumza na daktari.

Kwa kuwa upepo wa ziwa huweza kuzuia mashua kuondoka, mgonjwa wa Mfangano anahitaji tahadhari ambayo wa Homa Bay mjini hahitaji. Panga naye afike bara siku iliyotangulia, alale kwa jamaa Mbita au Homa Bay, ikiwa dalili za hewa ni mbaya au ikiwa mpira ulisumbua mara ya mwisho. Kipindi kilichopita kikiwa kibovu, chakula nacho kibanwe zaidi hadi kipindi kijacho: maji yapimwe kwa kikombe, chumvi na samaki wa chumvi viepukwe, na ndizi, machungwa na maparachichi yapunguzwe, kwa maana yana potasiamu nyingi. Mboga zichemshwe na maji yake yamwagwe.

Dalili zisizongoja kesho

Mgonjwa apelekwe hospitalini mara moja akiona mojawapo ya haya: homa au kutetemeka kwa baridi, hasa mashine inapoanza kuzunguka, usaha, wekundu au maumivu mahali mpira unapoingilia, uvimbe wa uso, shingo au mkono, kushindwa kupumua, udhaifu mkubwa wa misuli au moyo kwenda mrama, au pete ya kitambaa kuonekana nje ya ngozi.

Mpira ukichomoka, asijaribu kuurudisha. Alale, abonyeze kwa nguvu kwa kitambaa safi mahali ulipotokea na mahali ulipoingilia mshipani, na msaada utafutwe. Kifuniko kikianguka au mpira ukipasuka, ubanwe mara moja sehemu iliyo karibu na mwili, mgonjwa alale kwa ubavu wa kushoto.

Mpira ni mgeni

Katika yote tuliyoeleza, jambo moja lisisahaulike. Mpira ni mgeni. Umekuja kusaidia wakati njia bora ikitayarishwa, na njia hiyo kwa wagonjwa wengi ni fistula ya mkono. (Msomaji usiichanganye na fistula ya uzazi; hizi ni mbili tofauti.) Daktari huunganisha mshipa unaotoa damu moyoni na ule unaoirudisha, mara nyingi karibu na kifundo cha mkono. Mshipa uliounganishwa hutanuka na kuwa mnene, ukawa tayari kudungwa sindano za dialisisi baada ya miezi miwili au mitatu hivi. Njia hii ilielezwa na madaktari wa New York mwaka 1966, na hadi leo ndiyo inayodumu zaidi na kupata viini kwa uchache zaidi.

Si kila mtu hufaa. Mishipa ya wengine ni myembamba mno, na moyo wa mwingine hauwezi kuubeba mzigo huo. Lakini kila mgonjwa anastahili kuulizwa na kupimwa. Hadi wakati huo, mkono asioutumia sana uhifadhiwe: usitolewe damu, usitundikiwe dripu, wala usipimwe shinikizo.

Huduma zenyewe zimesogea karibu kuliko zamani. Mpango wa serikali wa kukodi vifaa vya hospitali ulioanza mwaka 2015 ulieneza mashine za dialisisi katika kaunti, na mgonjwa wa Homa Bay au Migori halazimiki tena kufunga safari ya Nairobi kwa kila kipindi. Mashine kuwa karibu, hata hivyo, si sawa na mtaalamu wa kubadilisha mpira kuwa karibu. Ikiwa hospitali haina wa kufanya kazi hiyo, omba barua ya rufaa mapema, kwa mfano kwenda hospitali kuu ya Jaramogi Oginga Odinga mjini Kisumu. Uliza pia kama Mamlaka ya Afya ya Jamii, SHA, iliyochukua nafasi ya NHIF mwezi Oktoba 2024, italipia ubadilishaji au kipindi tu. Ni afadhali kulijua hilo leo kuliko kulijua ukiwa mbele ya dirisha la malipo.

Utakapopiga simu jioni

Sasa turudi kwa mama wa Sena. Mara nyingine akikwambia kwamba mpira hauvuti vizuri, usimpe pole tu. Muulize, au umwombe muuguzi akujibu, maswali haya:

1. Pampu ilienda mililita ngapi kwa dakika, na alitakiwa apate ngapi?

2. Alikaa kwenye mashine muda gani hasa?

3. Mirija iligeuzwa? Hii ni mara ya ngapi mfululizo?

4. Yurea ilipimwa lini mara ya mwisho, nayo ilipungua kwa kiasi gani?

5. Je, kuna mpango wa kupiga eksirei, kutia dawa ya kuyeyusha, au kuubadilisha mpira, na ni lini?

6. Amepimwa mkono kwa ajili ya fistula?

Mnunulie daftari dogo, na kila kipindi aandikiwe humo mwendo wa pampu na uzani wake kabla na baada. Ukurasa unaoonyesha 300, kisha 280, kisha 250, kisha 200, hausemi uongo, na daktari yeyote akiuona atajua kwamba wakati wa kungoja umekwisha. Usiulize kwa ukali. Wauguzi wa dialisisi wana kazi nyingi na wagonjwa wengi, na anayewauliza kwa heshima akiwa na daftari mkononi huwarahisishia kazi.

Wazee walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Kwa mgonjwa wa figo, ufa ni kelele ya mashine iliyozimwa bila kuulizwa sababu. Uzibwe ukiwa bado mdogo, ili mama akivuka ziwa kurudi kwake jioni, awe amesafishwa damu kweli.